Roboti ya safari za mashua ndani ya WhatsApp: kwa jamaa zangu inajibu, kwa wageni kimya. Nimekosea wapi?

Mwana_Langoni (mwanzisha uzi) · Jumapili, saa 3:20 usiku

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kaka yangu na mwenzake wana mashua mbili na boti moja ya injini. Hupeleka watu Shela, Manda Toto kuogelea, Takwa kuona magofu, Matondoni kunakoundwa majahazi, na jioni kutazama jua likizama. Maombi yote huingia kwenye simu ya kaka: WhatsApp, ukurasa wa Facebook, Instagram. Na kaka mchana kutwa yuko baharini. Akirudi magharibi anakuta jumbe zimejaa, na waliozituma wameshapanda chombo cha mtu mwingine.

Nimesomea kompyuta Mombasa, nikamwahidi programu. Wazo la kwanza lilikuwa programu ya kupakua kwenye simu. Mama akaniuliza swali moja tu: mgeni anayekaa Lamu siku tatu, atapakua kitu cha mega arobaini ili apande mashua mara moja? Nikanyamaza. Ndipo nikaamua nijenge ndani ya mitandao ambayo watu wameshaingia. Mgeni anaandika WhatsApp au kwenye ukurasa, na anayemjibu ni programu iliyo kwenye seva yangu. Inamuuliza safari gani, siku gani, watu wangapi, inapokea amana kwa M-Pesa, kisha inampelekea kaka muhtasari.

(Wengine huiita "bot". Huku ukisema hivyo utaulizwa ina injini ya farasi wangapi, kwa hiyo kwenye uzi huu naomba tuiite roboti.)

Sasa mambo yamenishinda. Nikiandika mimi, kaka, mama, shangazi au rafiki yangu mmoja, inajibu vizuri. Akiandika mtu mwingine yeyote, kimya. Tena shangazi aliandika mara moja tu akawekewa safari tatu. Na mama alipoandika "kesho saa mbili", ikamwekea safari ya saa nane za usiku. Kaka amecheka hadi leo.

Wajuzi, nimekosea wapi?

---

Pwani_Koda · Jumapili, saa 3:51 usiku

Wa aleikum salaam. Hebu wahesabu wanaojibiwa: wewe, kaka, mama, shangazi, rafiki. Watano. Namba ya majaribio unayopewa na WhatsApp huwatumia watu watano tu, tena wale ulioziandikisha namba zao mwenyewe. Msimbo wako hauna kosa kwa hilo. Uko bado kwenye uwanja wa mazoezi. Andikisha namba halisi ya biashara.

Upande wa ukurasa wa Facebook hadithi ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Programu ikiwa katika hali ya utengenezaji, inazungumza na wenye cheo ndani yake tu: msimamizi, mtengenezaji, mjaribu. Mgeni kutoka Ufaransa hana cheo chochote kwako. Ili imjibu, uiombee ruhusa ya jumbe za ukurasa, ipite ukaguzi, ndipo uigeuze iwe hewani. Kila anayeanza huanguka hapa, kwa sababu kwake yeye inafanya kazi.

Safari tatu za shangazi nitakuja nazo kesho, nimetoka kazini sasa hivi.

---

Tumbe_Tech · Jumapili, saa 4:05 usiku

Hamia Telegram. Unamwandikia BotFather, roboti yao ya kusajilia roboti, anakupa tokeni (ufunguo wa siri wa roboti yako) dakika hiyohiyo, hakuna ukaguzi wala cheo. Tangu 2015 iko hivyo.

---

Mwana_Langoni · Jumapili, saa 4:09 usiku

Tumbe, najua, na majaribio ya kwanza niliyafanyia huko. Lakini wateja wa kaka hawako Telegram. Hoteli za Shela zinaagiza kwa WhatsApp, mama wa Matondoni anaagiza kwa WhatsApp.

Msimbo wa kupokea jumbe ni huu, mtazame:

*[msimbo umeondolewa na msimamizi]*

---

Pwani_Koda · Jumapili, saa 4:13 usiku

FUTA. Umebandika tokeni yako mbele ya kadamnasi. Aliyeiona anaweza kuandika kwa jina la biashara ya kaka yako. Ibatilishe sasa, utengeneze nyingine.

Na ukitengeneza, usichukue ile ya muda ya ukurasa wa majaribio, ambayo hufa siku inayofuata. Fungua mtumiaji wa mfumo kwenye akaunti ya biashara, umpe tokeni isiyo na mwisho, uiweke kwenye mipangilio ya seva. Isikae ndani ya msimbo.

---

Mwana_Langoni · Jumapili, saa 4:20 usiku

Nimefuta. Ahsante kaka, moyo umenienda mbio.

---

Saiba_ya_Zamani · Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Nyinyi vijana mnaongea kama mambo haya yameanza juzi. Mimi nilikuwa na saiba, duka la intaneti, hapa Malindi, niwape kidogo ya zamani ndipo mjue mnajenga wapi.

Facebook ilifungua mlango kwa watengenezaji wa nje tarehe 24 Mei 2007. Programu yako ilikaa kwenye seva yako, lakini ilionekana ndani ya fremu ya ukurasa wao, na uliiandika kwa lugha yao wenyewe, FBML. Novemba mwaka huohuo Google wakaja na OpenSocial pamoja na MySpace, hi5, Orkut na wengine. Ahadi ilikuwa uandike mara moja, programu iende mitandao yote. Ahadi nzuri. Watu walibaki Facebook.

Juni 2009 ikaja FarmVille. Saibani kwangu vijana walilipa dakika kumi, wanavuna nyanya za kwenye skrini, wanaondoka. Mwanzoni mwa 2010 mchezo ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Siri yake haikuwa kilimo. Siri ilikuwa kwamba kila ulichofanya marafiki zako walipata habari, bure, bila mwenye mchezo kulipia tangazo. Halafu mwenye mtandao akaona kelele zimezidi, akazibana zile taarifa. FBML nayo ikazimwa 2012, na ambaye hakuandika upya alibaki na ukurasa mtupu. FarmVille ya kwanza yenyewe ilifungwa 31 Desemba 2020, kwa kuwa ilijengwa juu ya Flash, programu ya zamani ya kuendeshea michezo kwenye kivinjari, na Flash ilikuwa inazikwa.

Sasa hapa kwetu tuna kitu tunakijua sana, nyumba yangu lakini kiwanja si changu. Unajenga, unalipa kodi ya ardhi, na mwenye kiwanja hakuruhusu mawe na saruji, kwani ukijenga kwa mawe atakuondoaje? Kwa hiyo watu hujenga kwa udongo na makuti. Si ujinga huo. Ndiyo hesabu ya anayejua kiwanja ni cha nani.

Mwana_Langoni, majina ya wateja, safari, malipo, yote yakae kwenye hifadhidata yako. WhatsApp iwe mlango tu. Kesho mwenye mlango akibadilisha kufuli, unatoboa mwingine na vyombo vyako vya ndani viko salama. Twitter walipobana njia ya bure ya watengenezaji 2023, zilizonusurika ni programu zilizokuwa na kitu chao wenyewe nyuma.

---

Ukhti_Shela · Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Saiba, umeruka sura moja, na ndiyo yenye funzo kwa kaka huyu. Zamani mtu mmoja akikubali programu yako, uliweza kuchota na habari za marafiki zake ambao hawajui lolote. Mlango huo Facebook walitangaza kuufunga Aprili 2014, na programu za zamani zikapewa mwaka mmoja, hadi Aprili 2015. Lakini kabla haujafungwa, programu moja ya maswali ya tabia iliwekwa na watu kama 270,000 tu, na habari zilizochotwa zilifikia za watu milioni 87. Ndiyo kadhia ya Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa, iliyolipuka Machi 2018. Mwaka uliofuata Marekani ikaitoza Facebook faini ya dola bilioni 5.

Ukali mwingi wa ukaguzi wa leo ni matunda ya kadhia ile. Kwa hiyo kaka yangu nakuuliza: roboti yako inamuomba mgeni nini hasa?

---

Mwana_Langoni · Jumatatu, saa 2:31 asubuhi

Jina, namba ya simu, idadi ya watu, hoteli anayokaa, na picha ya pasipoti.

---

Ukhti_Shela · Jumatatu, saa 2:33 asubuhi

Pasipoti ya nini, ya kwenda Manda Toto?

---

Mwana_Langoni · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Niliona hoteli wanaomba, nikaweka na mimi.

---

Ukhti_Shela · Jumatatu, saa 3:02 asubuhi

Iondoe leo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema uchukue kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Ukishakuwa na pasipoti mia mbili kwenye seva ya kukodi, wewe ndiye mlinzi wake. Zikivuja, huwezi kumwambia Kamishna wa Ulinzi wa Data kwamba uliona hoteli wanafanya.

Kuhusu kujiandikisha katika ofisi ya Kamishna, biashara ndogo yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi imesamehewa. Ila kuna orodha ya sekta zisizosamehewa hata zikiwa ndogo. Ukarimu wa wageni umo, ingawa waongoza watalii wametolewa. Uchukuzi nao umo. Sasa kaka yako na mashua zake, ni mwongozaji watalii au ni mchukuzi? Mimi nisingebahatisha. Ningewaandikia niwaulize, nihifadhi na jibu.

Ukurasa wa sera ya faragha uandike pia, kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye njia ya mteja kuomba afutwe. Ukaguzini wataudai, na kiungo kisifunguke kwenye ukurasa mtupu.

---

Pwani_Koda · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Nimerudi. Shangazi na safari zake tatu.

Ujumbe ukiingia, mtandao huupiga kwenye anwani ya seva yako na kungoja ujibu "nimepata", yaani 200. Wewe, nimeona kwenye msimbo kabla haujafutwa, hujibu. Unaanza kwanza kutafuta nafasi, kuandika hifadhidata, kumwita M-Pesa, ndipo mwishoni unasema nimepata. Wao wakiona kimya wanadhani hukupata, wanapiga tena, na wanaweza kuendelea hivyo kwa siku kadhaa. Kila wakipiga, wewe unaweka safari mpya.

Dawa ni mambo mawili, na yote mawili yanahitajika. Jibu 200 mara moja, kazi uipange foleni ifanyike nyuma. Halafu kila ujumbe una kitambulisho chake, huanza na "wamid". Kihifadhi, na kikija mara ya pili kipuuze. Hata ukijibu haraka, iko siku intaneti itakatika baada ya wewe kupokea na kabla hujajibu.

Na hakikisha saini. Kila wanachokutumia kina saini kwenye kichwa, iliyotengenezwa kwa siri ya programu yako. Usipoihakiki, mtu yeyote aliyeijua anwani yako anaweza kukuwekea safari za uongo usiku kucha.

---

Mzee_Bandari · Jumatatu, saa 2:25 usiku

Swali la mjinga: mashua mbili na boti moja, yote haya ya nini? Kuna ile WhatsApp ya biashara ya kupakua, bure, ina majibu ya haraka na orodha ya bidhaa. Kaka aandike "niko baharini, nitajibu saa moja usiku". Basi.

---

Mwana_Langoni · Jumatatu, saa 2:44 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Si swali la mjinga, tulikaa nayo miezi sita. Kwa mtu anayekaa dukani ningemwambia aishie hapo. Lakini jibu la "niko baharini" halimwambii mgeni kama Jumamosi kuna nafasi. Anataka ndiyo au la, saa hiyohiyo, na asipoipata kwako yuko nahodha mwingine gatini.

---

Nahodha_Mkomani · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Mwanangu, nimesomewa uzi wako na mjukuu. Mambo ya tokeni siyayui. Lakini hiyo roboti yako yayua mai?

Takwa hwendi mai yakitoka. Utakwama kwenye mikoko, mgeni ashuke matopeni na viatu vyake vizuri. Na wanaokwenda Pate, zombo hungoja mai yayae ndipo zipite Mkanda. Sasa mtu akiandika "Takwa kesho saa mbili", roboti ikasema ndiyo, kumbe kesho ni bamvua, nani atamlipa fedha zake?

---

Mwana_Langoni · Jumatatu, saa 3:38 usiku

Shikamoo babu. Maji haiyajui. Wallahi sikuwaza.

---

Nahodha_Mkomani · Jumatatu, saa 3:55 usiku

Marahaba. Basi andika. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ni bamvua. Siku hizo mai hutoka mno asubuhi, kwenye saa nne, saa tano, na huyaa alasiri kwenye saa kumi. Kila siku husogea mbele, si saa nzima, kasoro kidogo. Katikati ni mai mafu, hapo hayatoki sana wala hayayai sana.

---

Pwani_Koda · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Babu, hizo ndizo dakika 50 kwa siku wanazoandika vitabuni. Heshima yako.

Na hapa ndipo tatizo la saa linapopata dawa yake. Mwana, usimwache mteja aandike saa. Ukimwacha, "saa mbili" ya mama ni 08:00, "2" ya mgeni ni 14:00, na programu haina njia ya kujua nani ni nani. Nilishawahi kujaribu kubashiri kwa lugha aliyotumia mteja: akiandika Kiswahili ongeza sita. Ikanifunga kwa Wakenya wa bara wanaoandika Kiswahili na kumaanisha saa ya Kizungu. Acha kubashiri. Mwonyeshe orodha achague, na kila mstari ubebe saa zote mbili.

Ila nafasi ni finyu. Orodha ya WhatsApp haizidi mistari kumi, na kichwa cha mstari hakizidi herufi 24. "Jumamosi saa mbili asubuhi" ni 26 ukihesabu na nafasi. Andika "Jmosi saa 2 asubuhi", na kwenye maelezo ya chini ya mstari uweke 08:00. Vitufe ni vitatu tu, herufi 20 kila kimoja.

Sasa ile mistari kumi usiiandike kwa mkono. Chukua jedwali la maji la mwaka, liingize kwenye hifadhidata, na kwa safari ya Takwa orodha itoe saa zile tu ambazo chombo kinafika na kurudi. Roboti haitakataa mtu. Saa mbaya haitaonekana kabisa.

---

Tumbe_Tech · Jumatatu, saa 4:16 usiku

Hii ya saa mbaya kutoonekana nimeipenda. Naiba.

---

Mwana_Langoni · Jumanne, saa 1:15 usiku

Leo nimeshinda na jedwali. Swali la malipo: amana ninaitoza kwa ombi la M-Pesa linalojitokeza kwenye simu ya mteja, aweke PIN. Kwenye majaribio linafanya kazi. Nikibadilisha kwenda halisi linakataa.

---

Pwani_Koda · Jumanne, saa 1:29 usiku

Tafuta 174379 kwenye msimbo wako. Hiyo ni namba ya majaribio ya Daraja, mlango wa M-Pesa kwa watengenezaji, karibu kila mtu huisahau mahali.

Pia, ombi likikubaliwa haimaanishi pesa zimelipwa. Linamaanisha limetumwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani yako ya https: 0 amelipa, 1032 ameghairi mwenyewe, 1 hana salio la kutosha. Usimpe mtu nafasi kwa picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa, picha hizo hutengenezwa. Na kwa wageni wasio na M-Pesa, mwachie kaka apokee taslimu gatini.

Jambo la mwisho kwangu. Mteja akikuandikia, una saa 24 za kumjibu utakavyo. Zikipita, unaruhusiwa kumtumia kiolezo kilichoidhinishwa tu, yaani ujumbe uliokubaliwa mapema na WhatsApp, nacho kwa kawaida hulipiwa. Kaka yako akienda Kiunga siku mbili akarudi anataka kumwambia mtu "samahani bwana, bahari ilichafuka", hawezi. Omba violezo mapema: cha kuthibitisha, cha kuahirisha kwa hali ya bahari, cha kurudisha amana. Kile cha kuahirisha ndicho utakachokitumia sana wakati wa kusi.

---

Mwana_Langoni · Alhamisi ya wiki ya tatu, saa 2:05 usiku

Narudi na habari.

Ukaguzi wa ukurasa ulirudi mara ya kwanza, kwa kosa langu. Video niliyowatumia ilionyesha roboti ikijibu, haikuonyesha mteja akianza mazungumzo. Nikarekodi upya na simu ya shangazi, tangu mwanzo hadi mwisho, maelezo ya Kiingereza chini. Ukapita. Namba halisi iko hewani. Pasipoti nimezifuta zote, Ukhti, na barua kwa ofisi ya Kamishna nimetuma. Hifadhidata naitolea nakala kila usiku, Saiba, iko kwangu.

Mteja wa kwanza nisiyemjua aliandika leo asubuhi: watu wawili, Takwa, kesho. Kesho ni bamvua. Roboti ikamletea mistari miwili tu, yote ya alasiri. Akachagua saa tisa, akalipa amana. Kaka alipoona muhtasari akanipigia simu kutoka Manda: nani kamwambia mgeni huyu kwamba asubuhi hakuna maji?

---

Nahodha_Mkomani · Alhamisi, saa 2:40 usiku

Nimi. Mwambie ni mimi.

Na upepo yayua?

---

Mwana_Langoni · Alhamisi, saa 2:43 usiku

Upepo bado, babu. Kesho baada ya Ijumaa nitapita barazani kwako na daftari.